Amina Iliyochelewa

Mwalimu mgeni alikuwa hafumbi macho wakati wa maombi. Najua mtaniuliza nilijuaje, kama yangu yalikuwa yamefumbwa. Hayakuwa yamefumbwa. Muhula ule nilikuwa na sababu ya kusali huku nikichungulia, na Mungu aliijua.

Shule yetu iko Kisauni, nyuma ya kanisa, ndani kidogo baada ya lami kuisha. Ni shule ndogo ya Kikristo ambayo karibu nusu ya watoto wake ni Waislamu. Wazazi wa mtaani wanapenda jinsi tunavyofundisha kusoma, na hawapendi watoto wavuke barabara kuu. Kila asubuhi kabla ya kengele, walimu na wafanyakazi tunakutana afisini kwa ibada fupi. Mmoja anasoma neno, mmoja anaomba, wote tunasema amina, tunakunywa chai ya rangi na kwenda madarasani. Imekuwa hivyo tangu nianze kufundisha hapo, nikiwa bado msichana.

Tulipofungua shule Januari, Pasta, ambaye ndiye mwenye shule, alituletea watu wapya kwa mpigo: mwalimu, karani na mpishi. Aliwasimamisha mbele yetu, tukawaimbia na kuwapa mikono. Kisha, tungali tunatabasamu, akasema gredi ya nne ina mikondo miwili yenye watoto wachache wachache, na muhula ukiisha ataiunganisha. Angebaki mwalimu mmoja. Mkondo mmoja ulikuwa wangu, na ule wa pili alikuwa ameshampa mgeni.

"Na yule mwingine tutamtafutia pa kwenda," alisema, "Bwana akipenda."

Nimefanya kazi na Pasta miaka mingi. Akimtaja Bwana kwa namna ile, ujue yeye mwenyewe hajapanga lolote. Nyumbani nilikuwa na mama asiyeweza tena kutembea hadi dukani na binti aliyekuwa ndio kwanza ameingia sekondari. Sikuwa na pa kwenda pengine. Nilimpa mgeni mkono, nikamkaribisha kwa moyo wote, na papo hapo nikaanza kumchunguza.

Mpishi hatukumshuku. Wali wake wa siku ya kwanza ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini, na mtu aliyetumwa kupeleleza angejitahidi zaidi ya hapo. Karani tulimshuku kwa muda, kwa kuwa alikuwa kwenye simu kila saa akinong'ona, mpaka tukagundua kuwa ni mchumba wake aliyebaki Nairobi. Alikuwa msichana mchangamfu. "Madam, hii joto yenu iko aje lakini?" aliniuliza siku ya pili, akijipepea na faili, nami nikamsamehe yote.

Mwalimu alikuwa habari nyingine. Alikuwa mrefu, mtu wa bara, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni katika jua la Januari. Hakuwa na maneno mengi. Ukizungumza naye alikutazama mdomo, si macho, na mtu akifanya mzaha yeye alicheka sisi tukiwa tumeshamaliza kucheka. Kwenye ibada alisimama pembeni akitutazama sote, macho wazi, na amina yake ilikuja peke yake baada ya zetu.

"Huyo katumwa," alisema mwenzangu wa chekechea, mama wa Kigiriama ambaye tumekaa naye meza moja tangu zamani. "Mtu hakutazami mdomo vile bure. Yuwahesabu maneno yetu, akampelekee Pasta."

Nilikubaliana naye kabisa. Tukaanza kujiziba midomo kwa ncha za leso kila alipoingia afisini, kama wanawake wanavyofanya wanapomsema mtu aliye karibu. Hata karani, ambaye hakuwa na leso, alijiziba kwa kikombe. Mgeni aliketi, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, kisha akachukua chai yake na kwenda kuinywea darasani. Sisi tulifurahi. Tulidhani tumemkomesha.

Kisha likaja jambo la adhana. Msikiti uko ng'ambo ya uchochoro, na kipaza sauti chake kimeelekezwa kwenye madarasa yetu. Adhana ya adhuhuri inatukuta katika somo la mwisho kabla ya chakula. Hakuna aliyewahi kutuandikia sheria, lakini shule nzima hunyamaza. Mwalimu anaweka chaki chini, watoto wanatulia, adhana ikiisha tunaendelea pale tulipoachia. Ni adabu ya ujirani, na tena hakuna anayeweza kusikilizana na kile kipaza sauti. Mgeni hakunyamaza. Darasa lake na langu yalitenganishwa na ubao wa plaiwudi tu, na katikati ya ule ukimya wa shule nzima nilimsikia akiendelea na hesabu zake, sauti juu, bila hata kupumua. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

Afisini tuligawanyika. Mwenzangu alisema mtu asiyefumba macho kwenye maombi hajaokoka. Wengine walisema mtu anayeishindia adhana sauti ameokoka kupita kiasi, na huenda Pasta amemleta ili awafukuze watoto wa Kiislamu kwa ujanja. Kwamba mambo hayo mawili hayawezi kumkaa mtu mmoja, hakuna aliyejali. Mimi niliyabeba yote mawili.

Haukupita muda, mama mmoja mzazi akaja langoni, amevaa buibui, akaniita kando kwa kuwa ananijua mimi.

"Mwalimu, sisi na nyinyi hatuna neno," alisema. "Watoto wetu twawaleta wenyewe kwa miguu yetu. Lakini wallahi, hili la adhana limetukaa hapa." Akajishika koo. "Akiendelea, twawatoa watoto."

Nilimpeleka kwa Pasta mwenyewe, na nilitembea mbele yake kwa haraka kuliko ilivyohitajika. Pasta alimwita mgeni, akafunga mlango. Baada ya hapo, adhuhuri ilipofika, mgeni alinyamaza kama sisi wote. Jambo likaisha, na mimi nikaudhika, kwa kuwa nilitaka liendelee.

Kwa hivyo nilianza kumchungulia. Ubao ule wa plaiwudi ulikuwa na upenyo karibu na dirisha, na mimi nilihamisha meza yangu hapo. Niliona mambo ambayo sikuyaelewa mara moja. Kila mtoto aliyejibu swali alisimama, akainua kidevu, akalitamka jibu polepole huku akimtazama mwalimu usoni. Nilidhani ni nidhamu ya bara. Kengele ilipolia, mgeni hakuacha kuandika ubaoni mpaka watoto waliposimama wote pamoja. Na adhana ilipoanza, watoto wa safu ya mbele walikunja mikono kifuani, kisha safu ya pili, kisha darasa zima. Hapo ndipo aliponyamaza, wakati mwingine katikati ya neno. Adhana ilipokwisha waliikunjua mikono, naye akaendelea.

Siku moja walikuwa wakifanya imla, vichwa vimeinama, kila mmoja anakimbizana na kalamu yake. Adhana ikaanza. Hakuna aliyekunja mikono. Mgeni akaendelea kuwasomea maneno kwa sauti ileile, mtulivu kabisa, mpaka msichana mmoja alipostuka, akainua kichwa na kukunja mikono. Mwalimu akatazama mikono ile, akafunga mdomo mara moja.

Nilihitaji kuhakikisha. Nilimkuta mchana kwenye pipa la maji karibu na jiko, amenipa mgongo, ananawa mikono. Nilimwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Nikachukua kifuniko cha sufuria kubwa pale kilipoanikwa, nikakiachia kikaanguka kwenye saruji. Kuku wa jirani walitawanyika. Mpishi akapiga ukelele ndani ya jiko, "Nani huyo ananivunjia vyombo?" Mgeni aliendelea kujisugua vidole.

Ndipo akageuka kutafuta pa kukaushia mikono. Aliniona, akakiona kifuniko bado kinazunguka miguuni pangu, akaelewa. Sijawahi kuona mtu akibadilika uso vile mchana kweupe.

"Madam, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Kule nilikotoka walinifukuza kwa sababu hii. Nina watoto."

Nami nilikuwa na mtoto. Sitasema nilimhurumia palepale, kwa kuwa sikumhurumia. Nilifurahi. Niliokota kifuniko, nikakirudisha mahali pake, nikaenda kwenye darasa langu ambalo sasa nilijua ni langu. Ni nani angempa kiziwi watoto wote wale? Neno hilo nililiweka akiba kwa siku Pasta atakapoamua.

Lakini tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Nilipozungumza na Pasta kwenye veranda, nilimwona mgeni amesimama dirishani, chaki mkononi, akiukodolea macho mdomo wangu. Nilipomwambia karani jambo, alikuja kusimama mahali ambapo ataniona vizuri. Hata nikimsalimia mwuza mahamri langoni, alinifuata kwa macho. Ilinichosha, na ilinikasirisha. Siku moja alipoingia afisini niliinua leso nijizibe kwa mazoea, nikaiona hofu usoni mwake, na mkono wangu ukakataa kufika mdomoni. Muhula mzima tulikuwa tumemfungia mtu mlango kwa leso zetu, yeye amekaa nje akijiuliza tunasema nini. Niliishusha. Mwenzangu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetumwa.

Kilichonikaa zaidi ni wale watoto. Mtoto wa gredi ya nne hawezi kuficha peremende kinywani mwake. Hawa walikuwa wameficha jambo hili tangu Januari, Waislamu na Wakristo, bila mtu kuwaagiza, na hakuna mzazi wala mwalimu aliyelinusa. Darasa langu nalipenda, lakini sijui kama lingenifanyia hivyo.

Siku chache kabla ya kufunga shule, Pasta aliniita kwake. Feni ilikuwa ikizunguka bila kuleta upepo.

"Mwalimu, wewe ndiye jirani yake," alisema. "Lile neno la adhana limekwisha kweli? Au ana kiburi anakificha? Kuna kitu kwa yule bwana sikielewi."

"Kwa nini waniuliza mimi, Pasta?"

Akacheka kidogo. "Nilijua utamwangalia vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba atabaki mmoja."

Muhula mzima tulikuwa tukimtafuta mpelelezi wa Pasta, tukajiziba midomo, tukawashuku wageni mmoja baada ya mwingine, na mpelelezi mwenyewe alikuwa mimi, tena kwa chai ya rangi tu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa kweli tupu, hata dhambi lisingekuwa, na mama yangu angelala akijua muhula ujao uko salama.

"Anafundisha," nilimwambia. "Na adhana ikianza ananyamaza. Nenda ukajionee mwenyewe."

Alikwenda. Adhuhuri alisimama dirishani, mikono nyuma. Mimi nilikuwa kwenye upenyo wangu, na nilikuwa naomba, kwa macho wazi kama kawaida. Adhana ikaanza. Safu ya mbele ikakunja mikono, na mwalimu akanyamaza. Darasa zima likakaa wima, limetulia, hata kalamu haikusogea. Pasta aliondoka akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Alipotangaza, darasa lililounganishwa alipewa mgeni. Pasta alisema hajawahi kuona nidhamu ya namna ile katika shule yetu. Mimi nilipelekwa gredi ya kwanza, kushika nafasi ya mwalimu aliyekuwa akienda kuolewa Voi, baada ya kungojeshwa likizo nzima bila kujua kama kuna nafasi. Niliumia, na hadi leo linaniuma. Gredi ya kwanza ni makamasi na kufunga kamba za viatu, na watoto wangu wa gredi ya nne niliwalea mwenyewe tangu wakiwa wadogo.

Muhula wa pili ulipoanza, asubuhi ya kwanza, zamu ya kuomba ikawa yangu. Tulisimama kwa duara afisini: Pasta, mpishi ambaye sasa wali wake ulikuwa ukilika, karani, mwenzangu, wote. Wakainamisha vichwa na kufumba macho. Tukabaki wawili tulio macho wazi, mimi na mgeni. Alikuwa ameushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akiutazama mdomo wangu, akisubiri kuona nitamsemea nini kwa Mungu.

Niligeuka nikamwelekea, nikaomba polepole, nikifungua mdomo vizuri kwa kila neno. Nikawaombea wageni waliokuja kwetu, nyumba zao na kazi ya mikono yao. Mwenzangu alikohoa kunihimiza, chai ilikuwa inapoa. Sikuharakisha. Nilipofika mwisho nilitulia kidogo, nikahakikisha ananiona, ndipo nikasema amina.

Ya kwake ndiyo iliyotangulia zote.