Nyumba ya Vyumba Saba Kwenye Fomu

Binti yangu alipata barua za vyuo viwili wiki ile theluji ilipoanza kuyeyuka, na mimi nikavimba kichwa. Nilizibeba hadi kiwandani, tunakooka mikate, nikamwonyesha kila aliyesimama karibu yangu wakati wa mapumziko, hata wasiojua nazungumzia nini. Wakanipa hongera, nikazipokea zote.

Chuo cha kwanza kiko hapa hapa Toronto, basi moja na treni moja kutoka kwetu Lawrence Heights. Kilimpa nafasi ya kusoma biashara pamoja na skolashipu ya maksi, dola elfu nne kila mwaka, ilimradi wastani wake usishuke chini ya asilimia themanini. Cha pili kiko mji mwingine, na huko alitaka kusoma elimu ya udongo. Ndiyo, udongo. Mimi nimelikimbia jembe Muheza nikavuka bahari, halafu mtoto niliyemlea ghorofani anataka kulirudia, tena kwa kulipia ada. Nilipomtania hivyo alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, kwamba bila udongo hata mkate ninaooka usingekuwepo. 

Mke wangu ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi ya kutunza wazee, na hesabu hazimtishi. Aliziweka barua zote mbili kwenye meza ya kulia akachukua kalamu. Nikaanza kumsomea: hawa wanatoa elfu nne, wale elfu moja na mia tano. Akanikatiza.

"Usinambie wanatoa ngapi. Nambie sisi tutabaki kulipa ngapi."

Akaandika ada, bweni, chakula na nauli. Akapunguza skolashipu. Mkopo wa serikali alikataa kuuhesabu, kwa sababu mkopo, alisema, si zawadi hata ukifungwa utepe. Mwisho akazizungushia duara nambari mbili. Ya biashara tungeiweza kwa kujibana. Ya udongo ilitushinda, na kitu pekee ambacho kingeishusha ni ule msaada mwingine, wa shida, wanaoutoa kwa kuangalia hali ya familia. Kwenye barua ya chuo cha udongo, msaada huo ulikuwa sifuri. Waliandika kwamba mali za familia zinatosha.

"Mali gani?" mke wangu akauliza.

Niliinuka kwenda kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa.

Binti yetu alisema si neno, atasoma biashara. Alilisema kwa utulivu mno. Kwenye dirisha la chumba chake alikuwa na chupa za jamu kumi na moja zenye udongo, wa bustani za watu, wa kando ya mto, wa Pickering kwa mama yake mdogo, kila moja na karatasi yake. Kesho yake nilipopita nikaona dirisha jeupe. Chupa zote zilikuwa ndani ya boksi la viatu na boksi lilikuwa chini ya kitanda. Roho iliniuma sana, maana nilijua mali zile zimetoka wapi.

Fomu ya msaada ilikuwa na sehemu ya wazazi, nami nilikuwa nimesema ya wazazi ni ya wazazi, mtoto asiiguse. Nilikuwa nimeijaza peke yangu Jumapili moja, na chai yangu ya tangawizi. Kila swali lilikuwa la kunivua nguo: mshahara, kodi, gari la mwaka gani. Halafu likaja moja: je, una mali yoyote nje ya Kanada? Jamani. Miaka kumi na miwili katika mji huu naulizwa nimepungukiwa na nini. Ofisini, benki, hospitali, shuleni, ni hilo tu. Leo kuna mtu ananiuliza nina nini, ninyamaze? Nikaandika. Nyumba ya Muheza, vyumba saba, baraza mbili. Shamba la michungwa arobaini. Thamani, nikakadiria kwa moyo mkunjufu, dola laki moja na themanini. Nikanyoosha mgongo nikajiona mtu.

Baada ya barua zile mke wangu aliidai nakala ya fomu akaisoma nimesimama mbele yake.

"Laki na themanini," akasema. "Kwa hiyo imekwisha? Na milango?"

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu yeye alijua nyumba imeezekwa na imebaki milango na rangi. Nilimwambia hivyo mimi. Kila mwaka aliongeza fedha zake za zamu za ziada kwenye bati ambalo halikuwahi kununuliwa. Fedha ya bati ilikwenda kwenye harusi mbili ambazo nilikaa meza ya mbele, msiba mmoja, na pikipiki ya mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nyumba ilifika kwenye linta, juu tu ya madirisha, ikasimama. Nilimweleza yote, pale pale, nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Mficha uchi hazai, bwana. Wewe umeuficha mpaka kwa mkeo." Tangu siku hiyo akawa anazungumza nami kupitia kwa mtoto. Mwambie baba yako chakula tayari. Muulize baba yako kama amelipia simu. Nimekaa hapo hapo, kijiko mkononi.

Binti yetu ndiye aliyepiga simu chuoni. Afisa wa misaada, mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema uamuzi unaweza kuangaliwa upya kabla ya mwisho wa Mei, ambao ndio ulikuwa mwisho wa kujibu vyuo. Alitaka vitu viwili: picha za nyumba, na barua ya kiongozi wa pale inayothibitisha hali yake. Kwa maneno mengine, nithibitishe kwa muhuri kwamba sina nilichojisifia.

Nikampigia mdogo wangu. Picha zikaja baada ya siku mbili, na nilipozifungua nilipigwa na butwaa. Majani yamefyekwa. Uwanja umefagiliwa. Kwenye matundu ya madirisha mdogo wangu alikuwa ametundika mapazia ya maua, ya kuazima kwa jirani, na mlangoni amesimamisha mlango wa mtu.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Kaka, nisingeweza kukuaibisha kwa Wazungu."

"Niaibishe, mdogo wangu," nikasema. "Niaibishe vizuri. Toa mapazia. Rudisha mlango wa watu. Na mbuzi, kama wapo, waache waingie."

 Nadhani aliona baridi imeniharibu akili. Lakini alikuwa mtiifu, na picha za pili zilikuwa safi kabisa, yaani chafu. Sebuleni kumeota mpapai. Chumba nilichokiita cha wageni kina mbuzi watatu, mmoja amepanda juu ya tofali anatazama kamera kama mwenye hati. Tulizipitia mimi na binti yangu kwenye kompyuta yake. Nilidhani atanicheka. Yeye alikuwa anaikuza picha, si ukuta, ila chini ya ukuta, mahali mvua ilipochimba.

"Ni mwekundu hivi kweli?" akauliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Ukikauka ni mwekundu zaidi," nikamwambia. "Haukutoki kwenye nguo." Nikajikuta namsimulia udongo wa Muheza kwa nusu saa nzima, mimi ninayejidai nimeukimbia.

Barua ya mtendaji wa kijiji ilifika kwa simu, imepigwa muhuri mara mbili. Binti yangu aliisoma kwa sauti ili aitafsiri. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shamba la michungwa ni mali ya ukoo. Nyumba tajwa haina paa, milango wala madirisha, na kwa sasa haikaliwi na binadamu."

"Kwa nini asiseme tu ni tupu?" akauliza.

"Kwa sababu si tupu."

Akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. Mama yake, aliyekuwa jikoni ametugeuzia mgongo, nilimwona mabega yakitikisika, lakini hakugeuka.

Tukatuma. Nilihesabu siku kuliko mwenye mimba. Siku tatu kabla ya mwisho wa Mei, saa ya chakula cha mchana, binti yangu akatoka chumbani na simu mkononi. Akatusomea wote wawili, akitafsiri polepole, sentensi moja moja. Wamepitia ushahidi. Wamekubali kubadilisha hesabu. Nyumba iliyoko nje ya nchi wameiona haina thamani yoyote, na kwa hiyo mwombaji anapewa msaada kamili, kila mwaka, mpaka amalize.

Alisoma kiasi chenyewe. Mke wangu akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni ya gazeti la matangazo ya duka, akazungusha duara. Nambari ilikuwa chini ya ile ya biashara. Mtoto akapiga kelele moja, akakimbilia chumbani, tukasikia boksi likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa na furaha, Mungu ni shahidi, furaha ya kutosha kumkumbatia hata mtendaji. Lakini tofali zile za mwanzo nilizifyatua mwenyewe, kwa mikono hii, kabla sijapata viza, na sasa nilikuwa na barua rasmi ya kwamba si kitu. Machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Mke wangu aliweka kalamu chini. Kwa wiki tatu hakuwa amenitazama usoni. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Hongera, baba," akaniambia mwenyewe. Akanitazama kidogo zaidi. "Na pole."