Nilibisha hodi mara tatu kwa Mwalimu wangu, kisha nikakaa barazani kuandika "run"

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Mimi si mwandishi. Shule niliishia darasa la nane. Haya nayanakili kutoka kwa daftari langu la kila siku. Yametokea kweli, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mimi ni askari wa geti kwenye villa moja Diani, nyumbani kwangu ni Bongwe. Askari lazima aandike OB, lile buku la matukio, na bosi anataka Kiingereza.

Siku moja stima ilipotea nikaandika, "Generator is running." Mwenzangu wa zamu, jamaa wa bara, akasoma akacheka mpaka akashika geti.

"Buda, inakimbia kwenda wapi? Tuifuate?"

Nikaona aibu. Nikafuta, nikaandika "Generator is there."

Kumbe ya kwanza ndiyo ilikuwa sawa! Aliyeniambia ni Mwalimu Njeri.

Mwalimu ni jirani yetu, mjane, alifundisha Kiingereza maisha yake yote. Walikuja huku na marehemu mumewe, wakanunua shamba, wakapanda michungwa. Watoto wake wako bara. Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, lakini ukimpa shikamoo anaiitikia marahaba vizuri kuliko vijana wetu.

"Hili neno run," aliniambia, "ukilijua lote umejua nusu ya Kiingereza. Tutalitafuna pole pole, kama muhogo mbichi."

Basi kila siku yangu ya off, saa kumi baada ya kuswali alasiri, naenda kwake na daftari. Tunakaa barazani. Ndani sikuwahi kuingia hata mara moja. Yeye ni mwanamke anaishi peke yake, mimi ni mwanamume mwenye mke. Kwetu haiwi.

Wakuu, lile neno ni kizungumkuti! Pua ya mtoto mwenye mafua, inarun. Leso mpya ya mke wangu ilichuja rangi kwenye ndoo ikaharibu kanzu yangu ya Ijumaa, Mwalimu akasema hiyo nayo ni run. Mwenye duka analirun duka lake huku ameketi kwenye stuli tangu asubuhi. Anayetaka udiwani anarun. Hapo nikabisha, maana wengi nawaona wamebebwa kwa gari.

Iliyonishinda kabisa ni ua. Ua wa michongoma unarun kutoka kisimani mpaka barabarani, na umesimama pale pale.

"Mwalimu, hawa Waingereza hawana maneno mengine?"

"Wanayo. Hili wanalipenda tu."

Mke wangu Mejumaa nikirudi hunitania: "Baba Saumu, leo umekimbia umefika wapi?"

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi.

Nilifika saa kumi na kidogo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nikabisha hodi. Kimya. Ila nilisikia maji ya mfereji yanamwagika kwa nguvu kule ndani.

Nikabisha ya pili. Kimya.

Nikabisha ya tatu.

Wa pwani mnajua. Tumelelewa hivyo tangu utotoni: hodi ni tatu, usipoitikiwa urudi ulikotoka. Hodi ya nne ni ukorofi. Na kusukuma mlango wa mwanamke, tena maji yanamwagika, huo ni utovu wa adabu usiofutika.

Nikajiambia, anaoga. Nikapiga simu. Nikaisikia inalia ndani, ikanyamaza yenyewe. Nikajiambia tena, si anaoga? Atashikaje simu?

Nikaketi barazani kumsubiri.

Hapa ndipo panaponiuma, na sitapaficha. Nilifungua daftari. Nikasikiliza yale maji, nikaandika: "The tap is running." Nikaitazama sentensi yangu nikafurahi, maana hiyo maana sikufundishwa, nimeipata mwenyewe. Nikapanga kumwonyesha akitoka.

Nilikaa kama nusu saa. Mejumaa anasema ni zaidi. Tuseme dakika arobaini, ili nisijipendelee.

Ndipo nikaona maji yanatoka chini ya mlango.

Hata hapo sikuingia, wakuu. Nilikimbia nyumbani kumwita mke wangu. Alikuwa anakuna nazi.

"Maji yamefika mlangoni na wewe umekaa tu?"

"Nilibisha mara tatu."

"Ungebisha mara tatu kwa maiti angekuitikia?"

Aliacha mbuzi ya kukunia na nazi yake, akaenda mbio, akasukuma ule mlango bila hodi hata moja. Nikasikia anapiga ukelele: "Baba Saumu, tafuta tuk-tuk!"

Mwalimu alikuwa ameteleza bafuni. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa hai lakini baridi kama samaki wa barafu. Tukampeleka hospitali Msambweni, Mejumaa amempakata njia nzima, amemfunika leso mbili.

Siku ya pili binti yake Wambui akafika kutoka Nakuru. Majirani wakamwambia mimi ndiye niliyemwokoa mama yake. Akanishika mikono miwili, akanishukuru, akalia.

Nilinyamaza. Usiku ule niliandika kwenye daftari neno moja tu: mwongo.

Asubuhi nikarudi wodini, Wambui akiwa pale pale na Mejumaa pembeni, nikasema yote. Hodi tatu. Simu. Zile dakika arobaini.

Wambui alinitazama. Mwalimu ndiye aliyesema.

"Nilikusikia. Hodi ya kwanza nikaitikia. Ya pili nikaitikia. Sauti haitoki, maji yanaifunika. Ya tatu nikasema, basi, huyu na adabu zake anaondoka."

Niliinamisha kichwa.

"Sikuondoka, Mwalimu. Nilikaa barazani. Nikaandika."

"Uliandika nini?"

"The tap is running."

"Sentensi ni sawa," akasema. Kisha akajifunika uso kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Sikuthubutu kuuliza.

Wambui akaamua: Mama akitoka hapa anahamia Nakuru. Nyumba itauzwa. Sikuweza kumlaumu, hata mimi ningekuwa na mama peke yake shambani ningesema hivyo.

"Siendi," Mwalimu akasema. "Baba yako amelala chini ya ile michungwa. Namwachia nani?"

Wambui akanigeukia. "Baba Saumu, akibaki, utaweza kumwangalia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikashindwa. Nikamwambia, "Dada, siwezi kukuapia. Mimi ndiye niliyekaa."

Mejumaa akanyoosha mkono. "Ufunguo nipe mimi. Mimi kuingia sina shida."

Wambui alimtazama mama yake, akamtazama Mejumaa, akautoa ufunguo kwenye mkoba.

Huu sasa ni mwezi wa tatu Mwalimu yuko nyumbani, anatembelea fimbo. Mejumaa huenda asubuhi na jioni, na hodi yake huipiga akiwa tayari jikoni. Nilimuuliza pia ustadh wetu. Akasema kurudi baada ya hodi tatu ni adabu njema, lakini roho ya mtu ikiwa hatarini, adabu isubiri nje.

Na mimi, Mwalimu alinipa sheria yangu: nisipoitikiwa ya tatu, nisukume mlango.

Juzi nilikwenda. Nikabisha moja, mbili, tatu. Kimya. Nikasema bismillahi, nikasukuma, nikaingia.

Mwalimu alikuwa ameketi sebuleni, mzima kabisa, fimbo mapajani, macho mlangoni.

"Umechelewa," akasema. "Lakini umeingia. Vuta kiti."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba adabu niliyolelewa nayo ni nzuri na sitaiacha, ila sikio nalo lina haki yake. Nikisikia maji, niulize kwa nini hayafungwi.

Nyinyi mngekuwa pale barazani, mngeingia baada ya hodi ya ngapi? Semeni kweli, hata kama ni ya kuniumiza. Na anayejua maana nyingine ya run aiache hapa chini, nitampelekea Mwalimu.