Mkono Kisogoni

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nalisema wazi, na wanaonijua wanalijua. Nilitoka Kitomanga, bara kwa Wamwera, na kaniki moja kiunoni, leo nina nyumba ya mawe yenye milango miwili. Nimeuona mzinga wa Wadachi ukitapika risasi kama mtama unaomwagika guniani. Nimeona meli ikienda bila tanga. Kilwa nilimwona Mdachi mmoja akitoa meno yake yote kinywani, akayaosha kwenye bilauri, akayarudisha, akaendelea kula kuku. Wenzangu walitoka mbio. Mimi nilimwuliza meno hayo yanauzwa wapi.

Chuoni sikukaa. Nilifika alifu, mwalimu akashika bakora, nikashika njia. Kuandika nimejifunza ukubwani, dukani kwa Mhindi niliyekuwa nikimpelekea sandarusi, ule utomvu mkavu wa msituni, kwa hiyo msomaji akiona mstari umepinda aunyooshe mwenyewe. Ninachotaka kueleza ni mikono miwili ya mtu mmoja wa Kiswere, mchoma chokaa, ambayo mpaka leo nikiikumbuka malaika hunisimama.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyofuata nayo ilikuwa imepita, watu wameanza kucheka tena. Nilikuwa nimeoa Kiswere, nimejenga Kiswere, sandarusi na mpira wa msituni nanunua hapo hapo Kiswere. Lakini kwenye mkeka wa wenyeji sikuwa na mahali. Mkeka huo ulitandikwa barazani baada ya sala ya alasiri, na hapo ndipo ilipoamuliwa nani apewe shamba, nani aozwe, nani azikwe wapi. Nikija, watu walisogea kwa adabu, wakaniachia pembe ya mwisho, nusu ya makalio mkekani na nusu mchangani. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kila nikikaa pale nilifikiri: huyu atazaliwa hapa, na bado ataitwa mtoto wa mgeni.

Nilimweleza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mrefu mwenye utani usiokwisha.

"Shemeji," akasema, "mali yako tumeiona. Wewe mwenyewe bado hatujakuona. Siku ya mwaka mpya ingia uwanjani ucheze fimbo, uchezee mtaa wetu. Mji ukikuona ukicheza vizuri, mkeka utakuvuta wenyewe."

"Fimbo tu? Mimi nimebeba mizigo mpaka Songea!"

"Punda naye kafika Songea."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mitaa miwili, mmoja wa juu na mmoja wa pwani, kila mmoja hutoa mchezaji. Mlinzi wa mtaa mmoja husimama, nyuma yake umechomekwa mti uliofungwa kitambaa chekundu. Mshambuliaji wa mtaa mwingine huja na fimbo, na kazi yake ni kumpita na kukitwaa kitambaa. Fimbo hupigwa juu ya fimbo, si juu ya mwili. Kitambaa kikitwaliwa mara tatu, mshambuliaji ameshinda. Ngoma hazinyamazi hata kidogo, na zumari juu yake, hata ukipiga kelele sikioni mwa jirani hakusikii. Ndiyo maana mwamuzi hasemi neno. Huamua kwa mikono.

Mwamuzi alikuwa huyo mchoma chokaa. Siku nyingine zote hungemtazama mara mbili: mfupi, macho mekundu kwa moshi wa tanuri, akipita na kapu la matumbawe watu hujitenga wasichafuke. Siku ya mwaka alikuja amevaa kikoi safi, akatumbukiza mikono katika chungu cha chokaa mpaka viwiko, akaingia katikati ya uwanja. Mikono ile ilimeta kama ya mtu aliyekatwa kutoka mwezini. Aliyekaa nyuma kabisa, hata mtoto mabegani mwa baba yake, aliiona.

Kando ya uwanja walisimama askari wawili wa akida, mtawala tuliyewekewa na Wadachi, na bunduki zao. Tangu vita, watu wengi wenye fimbo mahali pamoja lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa, na akida alikwisha kusema: damu ikimwagika, mwaka huo ndio wa mwisho.

Mlinzi niliyepewa alikuwa mchokoa pweza wa mtaa wa pwani. Mwembamba, miguu kama ya korongo. Nilicheka mbele ya watu.

"Huyu ndiye? Nipeni na mwenzake, niwachukue pamoja!"

Wanawake wa mtaa wa pwani wakanijibu kwa vigelegele vya kejeli. Mmoja akaita, "Ee Mmwera, angalia tumbo lisikutangulie!"

Ngoma zikaanza. Mara ya kwanza nilimhadaa kushoto, nikapita kulia, kitambaa mkononi. Mchoma chokaa akainua kiganja kimoja wazi juu: halali. Mara ya pili nilimpiga fimbo yake mpaka ikamponyoka, nikapita. Kiganja juu tena. Mtaa wetu wakawa wanaruka. Nilimwona shemeji ananiashiria nitulie, nikajifanya sikumwona.

Mara ya tatu sikutaka kuhadaa wala kuzunguka. Nilitaka kupita katikati, kama boriti, mji mzima uone mtu wa aina gani amekuja kukaa kwao. Nikatoka mbio. Mchokoa pweza akasogea hatua moja mbele yangu, akasimama. Akaiegemeza fimbo kifuani, akakunja mikono juu yake, akakaza visigino. Hakuinua chochote. Nilikuwa nimekwisha kuruka. Kifua changu kikampata, akaenda chali na vumbi likamfunika, nami nikakifikia kitambaa nikakinyanyua juu ya kichwa.

Nikageuka kumtazama mwamuzi. Alikuwa ameweka mkono wa kulia nyuma ya kichwa, kiganja juu ya kisogo, kiwiko kimechomoza nje. Mkono kichwani! Mimi niliyezoea boma la Lindi nikajua ananipigia saluti. Nikasimama wima, nikaunganisha visigino, nikamrudishia saluti kama askari mkongwe.

Mtaa wa pwani walianguka kwa kicheko. Hapo ndipo nilipoona mkono wake wa kushoto: ngumi nyeupe, imenyooshwa moja kwa moja kuelekea upande wao. Kisogo, kisha ngumi. Kosa ni la aliyeshambulia, haki iende kule.

Halafu likatokea lile jambo. Ngoma ndogo ikanyamaza. Ngoma kubwa ikanyamaza. Zumari likavuta pumzi moja zaidi, nalo likakatika. Mamia ya watu, na nikasikia mawimbi. Sijapata kuona kapteni wala akida akinyamazisha watu hivyo. Wao huhitaji bunduki.

"Kosa gani?" nikapiga kelele. "Yeye kalala, mimi nimesimama, kitambaa ninacho! Nani kashinda hapa?"

Mchoma chokaa akarudia: kiganja kisogoni, ngumi kule. Polepole, kama anayemwandikia mtoto herufi.

Vijana wa mtaa wetu wakaanza kuingia uwanjani na fimbo zao. Vijana wa pwani nao. Nikasikia komeo la bunduki likivutwa. Mtu yule mfupi hakuwatazama hata askari. Alinishika mkono, akanipeleka pale nilipomgonga mwenzangu, akaonyesha chini.

Shemeji alikuwa amefika begani kwangu. "Tazama mchanga, shemeji," akaninong'oneza. "Soma."

Mchangani palikuwa na nyayo mbili za mchokoa pweza. Zilizama sawasawa, visigino vimeacha mashimo mawili safi, hazikuburuzwa hata kwa unene wa ukucha mpaka pale alipong'olewa. Alifika mahali pale kabla yangu, akapamiliki. Nyayo zangu zilikuwa mikwaruzo mirefu, kama ng'ombe aliyekata kamba. Nilikuwa na njia kulia na njia kushoto, pana kabisa, nami nikapita juu ya mtu aliyesimama kwake.

Sijasoma, lakini pale nilisoma. Na kilichonitia baridi ni hiki: mimi niliyekuwa nakimbia sikuyaona hayo, na aliyepigwa hakuyaona, macho yake yalikuwa mbinguni. Mtu mmoja tu, katika vumbi lile, kabla hata mwenzangu hajagusa ardhi, alikuwa amekwisha kuviona visigino na kuupeleka mkono kisogoni. Naapa mkono ule ulipanda kabla sijakishika kitambaa. Nani kampa macho hayo? Moshi wa tanuri ulipaswa kuyaua.

Vijana walikuwa wananingoja mimi. Nikikataa, fimbo zingeinuka, na bunduki zingejibu. Nikikubali, basi mji umeniona nikikosea mbele ya kila mtu, na mkeka ndio kwaheri. Nikakirudisha kitambaa mtini. Kisha nikapeleka mkono wangu mwenyewe nyuma ya kichwa, nikashika kisogo.

Mtaa wa pwani wakapiga yowe. Vijana wakashusha fimbo. Nikamwinua mchokoa pweza, akapangusa mchanga mdomoni.

"Bwana we," akasema, "una kifua kama lango la boma. Nusura nimeze fimbo."

Mwamuzi akaniinulia vidole vitatu vyeupe. Nikajua nimefukuzwa, nikaanza kuondoka. Shemeji akanivuta kikoi.

"Unakwenda wapi? Hiyo ni ada. Mbuzi, wali, na nguo ya uliyemwangusha."

"Nitalipa. Kisha niende zangu."

"Hebu nisikilize, mtu wa Kitomanga. Mgeni akikosa uwanjani huonyeshwa njia kwa mkono mmoja, hivi, akatoka. Umeona mgeni akitozwa ada? Ada hutozwa mwenyeji."

Niliwatazama wazee wa mkeka. Hakuna aliyetabasamu. Mmoja tu alikuwa akibishana na mwenzake kama mbuzi awe mmoja au wawili, wakinitaja kwa "huyu wetu".

Nililipa kesho yake, mbuzi wakawa wawili, na nilikula nao nikiwa katikati ya mkeka, mchoma chokaa mkono wangu wa kulia, kucha zake bado nyeupe. Ada yote iligharimu jumla rupia kumi na tisa na hela thelathini na tano.