Mikono ya Mlezi wa Panya

Mlezi wa panya wa maabara alikuwa na mikono ambayo hata sisi, mabingwa wa karata wa Kaloleni, tuliionea wivu. Kabla ya kumshika panya alisugua viganja mpaka vipate moto, maana panya akishtuka, alisema, ini lake linawadanganya madaktari. "Daktari wa panya! Wagonjwa hawajambo?" tulimchokoza pale kwenye soko la nyama la Burma. "Wanakula vizuri kuliko wewe," alijibu, akisukuma kando sahani ya maini. Maini hakula kamwe; alikuwa ameona mengi mno, ya panya waliodungwa sumu, yameliwa kama bati linavyoliwa na kutu.

Kisha macho ya Mbithi, mdogo wake mnywa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, yakageuka manjano. Mlezi wa panya akamuuliza daktari wa maabara kuhusu ile dawa iliyokinga maini ya baadhi ya panya. "Hiyo tunawapa kabla ya sumu, mzee," daktari alimwambia kwa upole. "Baadaye haisaidii." Jioni Mbithi akauliza, "Kaka, umeniletea ile dawa?" Mlezi wa panya alisugua viganja mpaka vikapata moto, ndipo akamshika.