Likizo ya Watu wa Gemu

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ilikuwa ya umeme. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za kila namna zikimiminika mtaani kwetu Majengo, Songea, na jirani yetu alikuwa amefungua chumba cha gemu mbele ya nyumba yake: televisheni moja, pedi mbili na benchi la mbao. Unagombana na watoto wa mtaa mzima mpaka unapata zamu yako, unashika pedi, umeme unakatika. Wavulana walizomea. Mimi nililia.

Jirani huyo alikuwa Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano na maneno yasiyokwisha, na kwa kuwa sisi ni Wangoni, tuliopigana na Wayao zamani na kutekana, alikuwa mtani wa baba yangu. Siku moja kioo kilipozima alitunyamazisha.

"Msiwalaumu watu wa gemu, jamani. Na wao ni watumishi kama wengine. Wamekwenda likizo."

"Wamekwenda wapi?" nilimuuliza kwa ukali.

"Tuambie wewe mwenye mdomo."

Basi nikawaambia. Nilisema dereva wa gari la mashindano, mpiga ngumi, golikipa na kile kifaru cha vita, ambao kila mmoja alikaa kwenye kaseti yake na hawajawahi kuonana, wamekutana stendi na kupanda basi la kuja Songea. Dereva alitapika kwenye kona za Lukumburu, kwa kuwa hajawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Mpiga ngumi alikutana na bibi kizee, na badala ya kumpa shikamoo akakunja ngumi. Bibi akamtandika mwiko, na kati ya zile roho tatu anazopewa mtu wa gemu zikabaki mbili. Golikipa alipofika sokoni, kila kabichi iliyorushwa kutoka kwenye lori aliirukia na kulala nayo matopeni, akina mama wakimtukana. Kifaru kililala Mpitimbi kwa bibi yangu, kwenye banda la mbuzi, kikakoroma mpaka mbuzi wakahama.

Watoto walicheka hadi wakasahau kuzomea. Toka siku hiyo umeme ukikatika mimi ndiye niliyesimama mbele ya benchi.

Mwaka huohuo baba naye alirudi nyumbani na kusema yuko likizo. Alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma, na kila alipochukua likizo nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Mama alivipiga rangi viatu vyake vyeusi, akavivalisha gazeti na kuviweka juu ya kabati. Baba alivaa kandambili. Alikwenda shamba akarudi jioni, na kila alipopita mbele ya chumba cha gemu mtani wake alimngoja.

"Mateka wangu, nani kakufungua kamba? Tazameni jembe limeshikwa kama kalamu! Hayo mahindi utayapigia muhuri?"

"Nyamaza, mla panya," baba alijibu. "Babu yako alimbeba babu yangu mgongoni."

Mimi ningemtupia jiwe mtu mwingine yeyote aliyesema hivyo. Lakini utani ni utani, na baba aliingia ndani akitabasamu.

Likizo ile haikuisha. Kila Jumapili mama alivishusha viatu, akavipiga rangi upya, akavirudisha. Sikuuliza. Halafu mchana mmoja kwenye chumba cha gemu vijana wawili wakubwa walikuwa wakizungumza nyuma yangu: shirika limeuzwa, geti lina mnyororo na kufuli jipya, watu wote wamepunguzwa. Mtani wa baba alikuwa anafuta vumbi kwenye televisheni. Alinitazama, kisha akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha safishwa.

Jioni ile baba alipotokea na jembe, mtani alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Habari za shamba, mzee?"

"Nzuri," alisema baba. Alisimama kidogo. Alikuwa anangoja.

"Haya, Mungu akujalie."

Hakuna aliyemtukana baba jioni ile. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mtani alimwita mzee, akamuuliza afya, akamtumia korosho kwenye kikapu kama watu wanavyowapelekea wagonjwa. Na baba alianza kurudi kwa njia ya nyuma, ya kupitia kwenye migomba. Alikula kidogo. Alikaa akitazama mikono yake. Nyumbani kwetu maiti pia hutaniwa. Watani huja msibani wakamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Kumbe baba alikuwa hata hastahili hicho. Niliogopa, nasema kama ilivyokuwa. Niliogopa kwamba baba yangu atakuwa mtu wa kuhurumiwa mpaka afe.

Sikuwa na uwezo wowote ila ule mdomo wangu. Nikaikatalia likizo ya watu wa gemu kuisha. Wenzangu walitaka warudi kazini, mimi nikawapeleka Mbamba Bay kuoga ziwani, nikawapeleka Tunduru kubangua korosho, nikawapeleka kwenye harusi tatu. Nilijua ninachofanya. Wakirudi wao, mtu atauliza na baba mbona harudi. Nyumbani wadogo zangu walinidai mwisho, nikawafokea, na baba akawa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake.

Jumapili moja baada ya misa mtani alikuja kututembelea. Alikaa barazani kwenye ncha ya kiti, goti kwa goti, kama mgeni kwa wakwe. Alitoa pole. Akasema dunia ni mapito, kila jambo lina kheri yake. Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, huku shingo ikizidi kuzama mabegani. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, kiatu kimoja cha baba mkononi na kitambaa chenye rangi.

Nilikuwa nawasimulia wadogo zangu harusi ya nne. Baba akanikatiza.

"Leo namalizia mimi."

Nilitaka kubisha, lakini alikuwa amekwisha kuanza.

"Umeme ulirudi," alisema. "Wakapanda basi wote wanne kurudi kazini. Walipofika wakakuta televisheni imeuzwa. Mle ndani kuna mtu anauza maharage. Wakasimama mlangoni na mabegi yao. Kifaru kikauliza, sasa zamu yetu lini? Mwuza maharage akasema, ninyi ni akina nani?"

Mama aliacha kufuta kiatu.

"Wakahesabu roho zao. Zile nyingine walizimaliza kwa upuuzi huko likizo. Kila mmoja alikuwa na moja. Hapo golikipa akasema, mimi kudaka najua. Akaenda sokoni kupokea magunia yanayoshushwa kwenye malori."

"Akayadaka?" aliuliza mdogo wangu.

"La kwanza lilimwangukia."

"Akafa?"

"Hakufa. Aliinuka, akajipangusa. Kesho anakwenda tena, na keshokutwa. Hana likizo huyo. Hana kazi ya kurudia." Akatutazama mmoja mmoja, na kwangu akakawia. "Mmesikia?"

Tulisikia. Hata mdogo kabisa alisikia. Mama aliinamisha kichwa, na mimi nilitazama miguu yangu kwa sababu sikuweza kumtazama mtu.

Ndipo mtani akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Huyo golikipa," alisema polepole, akiitazama miguu ya baba, "miguu yake imepinda hivi, magoti yanasalimiana?"

Baba aligeuka.

"Nauliza tu. Maana wallahi gunia halina kosa. Limeona Mngoni kasimama limedhani ni mwenzake."

Nilisikia sauti ikimtoka baba, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka huku anafuta macho kwa kiganja. "Mla panya wewe," alisema, akarudia. "Mla panya, toka kwangu na korosho zako."

"Sitoki. Mateka hamfukuzi bwana wake."

Mama alikiweka kiatu chini, akaenda kupika ugali wa watu wengi.

Asubuhi baba alichukua jembe akapita njia ya mbele. Mtani alitoka mlangoni na mswaki mdomoni, akamtukana mpaka kwenye kona ya barabara, na baba alimjibu kila neno bila kugeuka.