Nusu Hatua Nyuma ya Mchungaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilitangaza mbele ya kanisa zima kwamba nimeoa. Mchungaji wa Mutaho alikuwa akihubiri kwa Kirundi, nami nikimfuata kwa Kiswahili. Akasema, "Nilipomwoa mke wangu sikuwa hata na godoro." Nikageuza neno kwa neno, kwa sauti yangu hii nyembamba ya kike, "Nilipomwoa mke wangu sikuwa hata na godoro." Mabenchi ya upande wa kulia yakaangua kicheko. Mabenchi ya kushoto, walikokaa wasiohitaji mkalimani, yakageuka kuwatazama, maana wao hawakuona cha kuchekesha. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Baada ya ibada Mchungaji aliniita pembeni. Nilijua nafukuzwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia kwa misimu yote.

"Umefanya sawa," aliniambia. "Ungesema 'Mchungaji anasema alipomwoa mke wake', ningekurudisha shambani leo hii. Ukiwa kazini, Konsolata, huna 'mimi' yako. 'Mimi' ni yangu. Ya kwako utaikuta nyumbani."

Ninyi vijana mnaonisoma, mnaoweka simu mezani ikawatafsiria hata bei ya nyanya, huenda mkaona hii haikuwa kazi. Ilikuwa kazi, na ilikuwa na ufundi wake. Tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tulikuwa wengi, na wengi wetu tulilelewa kwa Kiswahili. Mimi Kirundi nilikuwa nacho kwa sababu mama yangu, kule kambini, alikataa katakata kunipakulia nikiomba chakula kwa lugha nyingine. Njaa ni mwalimu mzuri. Kiswahili cha huku nacho nilijifunza Gitega mjini, kwa wamama wa Kiislamu waliouza vitenge sokoni. Walinicheka sana. "We mama, unasema kama redio! Uliza tu, hii iko ngapi?"

Mchungaji wa Mutaho ndiye aliyenifundisha kusimama. Mkalimani husimama nusu hatua nyuma ya bega la kushoto la mhubiri. Ukimkaribia zaidi, watu wanamwona mhubiri ana vichwa viwili. Ukikaa mbali, wanaona wahubiri wawili wanaogombana. Kisha kuna kumeza, yaani kuipokea sentensi yote kimya kabla ya kufungua mdomo. Na kuna kungoja mkia. Wazee wa Kirundi hupenda kuzungusha maneno, wakapita kwa ng'ombe, wakapita kwa babu, na jambo lenyewe likaja mwishoni kabisa. Mkalimani mwenye haraka hujikuta amewapa watu ng'ombe tu.

Siku zikienda vizuri ilikuwa kama kulala ukiwa umesimama. Madirisha hayakuwa na vioo, na ukungu wa asubuhi uliingia ukakaa nasi kama muumini mwingine. Nje baiskeli zilizosheheni ndizi ziliteremka kilimani bila kelele. Sauti ya Mchungaji ilikuja, yangu ikaondoka, ya kwake ikaja tena, hadi nisijue ni mdomo wa nani unaosema. Nilipenda hali ile kuliko kitu chochote. Mpaka leo, nikisinzia kitini mchana, huisikia dunia mara mbili, mara ya kwanza kwa Kirundi na mara ya pili kwa Kiswahili.

Kosa langu lilianzia hukohuko Mutaho, tena lilianza kwa sifa. Mwangalizi wa jimbo, mkubwa wa wachungaji wetu wote, alikuja kututembelea, akawageukia waliorudi. Akasema kwa Kirundi, "Mmekuja na majivuno ya Tanzania, mnatuona sisi washamba." Nikaona nyuso za wenzangu zikingoja. Nikasema, "Mmekuja na mengi kutoka Tanzania, nasi tuna ya kujifunza." Wakajibu amina kwa nguvu. Mwangalizi akafurahi mno, akamwambia Mchungaji kwamba hajapata kuona watu wanaopokea maonyo vizuri namna ile.

Mchungaji alikuwa ameanza kujua Kiswahili kidogo. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Chumvi ya Mwangalizi umeiweka wapi?"

"Niliipunguza kidogo, Mchungaji. Ingewachoma."

"Leo umepunguza chumvi. Kesho utatia asali, na hakuna atakayejua chakula kilikuwaje."

Niliitika vizuri sana. Nilikuwa hodari wa kuitika.

Baadaye mume wangu alipata shamba Buhinyuza, huko Muyinga, karibu na mpaka, na kanisa la kule likanipokea. Aliyeliongoza alikuwa Mwinjilisti, mtu wa vilima vile ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu" na "asante". Kanisa lilikuwa changa na lilikuwa linauma. Waliobaki nchini miaka yote ya shida walikaa kushoto. Tuliorudi tulikaa kulia. Watu walipeana amani mlangoni, kisha kila mmoja akaenda upande wake. Mwinjilisti aliniambia siku ya kwanza, "Wewe ndiwe mlango wetu." Nilijisikia mtu mkubwa.

Rafiki yangu wa Buhinyuza alikuwa Mama Leokadia, mwalimu wa kwaya. Wazazi wake walifia ugenini yeye akiwa mdogo, akalelewa na Watanzania, kwa hiyo alirudi na Kirundi cha salamu tu. Jirani yake, ukivuka mpaka wa migomba, alikuwa Mzee Stanislasi, mzee wa kanisa, mmoja wa waliobaki. Mzee Stanislasi ndiye aliyeongoza wabebaji wa ingobyi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wa kilima humchukulia mgonjwa hadi zahanati. Mgonjwa akizidiwa unamwita yeye, naye anawaita wengine. Hakuna anayekataa.

Alasiri moja mume wa Leokadia alishikwa na kuhara na kutapika. Ulikuwa msimu wa kipindupindu, na watu waliuogopa sana ugonjwa ule. Leokadia alisimama kwenye migomba, mvua inanyesha, akamwita Mzee Stanislasi kwa jina, mara nyingi. Mlango haukufunguka. Wanawake watatu, nami nikiwa mmoja wao, tulimfunga mgonjwa kwenye mkeka tukaanza kushuka naye. Hatukufika zahanati. Alikata roho njiani, kwenye matope, kichwa chake kikiwa kwenye mikono yangu.

Baada ya matanga Mwinjilisti aliitisha baraza dogo la kuwapatanisha, akiwemo yeye, Mzee Stanislasi, wazee wawili wa upande wa kushoto, Leokadia na mimi. Leokadia alijifunika kitenge hadi machoni. Mimi peke yangu ndimi niliyesikia pande zote mbili. Mzee Stanislasi alisimama, kofia mkononi. Nilingoja ng'ombe na babu. Hakuzunguka popote. Alisema maneno mawili tu.

"Narumvise, ndatinya."

Maana yake, nilisikia, nikaogopa.

Nikameza. Vijana wangu, nilimeza na neno halikupanda. Nilimtazama Leokadia chini ya kitenge chake, nikayafikiria yale mabenchi ya kulia, nikaona akisikia hivyo kanisa litapasuka na sisi wa Tanzania hatutakanyaga tena pale. Nikasema, "Anasema hakusikia vizuri, kwa ajili ya mvua."

Kisha Leokadia akajibu, "Kama hakusikia, Mungu ndiye anayejua."

Nikamgeukia Mzee. Kwa Kirundi kizuri, kile cha mama yangu, nikamwambia, "Anasema Mungu anajua, naye amekusamehe." Mzee Stanislasi akalia waziwazi, machozi yakidondokea kofia. Mwinjilisti akaomba, wakashikana mikono. Nilikwenda nyumbani nikijiona mpatanishi.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka saba. Mtaniuliza, Leokadia si alijifunza Kirundi? Alijifunza, tena akatupita wengi. Lakini kwetu jambo lililofungwa barazani kwa maombi halifunguliwi tena, na kulitaja ni kukosa adabu. Waliishi hivyo. Mzee Stanislasi alipeleka mbegu za maharage kwa Leokadia kila msimu, naye alizipokea, akashukuru, akazigawa kwa wengine. Siku za Meza ya Bwana, Mzee ndiye aliyepitisha sinia la vikombe. Likimfikia Leokadia, alikunja mikono kifuani akatazama dirishani. Kila mara. Na kila mara Mzee alisita kidogo mbele yake, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha akaendelea.

Mzee aliamini amesamehewa na hakuelewa. Leokadia aliamini amedanganywa na alielewa vizuri mno. Mimi nilisimama mbele, nusu hatua nyuma, nikiwaona wote wawili. Nilianza kuota ndoto moja. Mvua inanyesha, nimesimama nyuma ya bega la Mzee Stanislasi, anafungua mdomo, nami nangoja mkia wa sentensi. Hauji. Nangoja hadi naamka.

Mwaka jana tulikuwa uani kwa Leokadia tukichambua maharage. Mzee Stanislasi alipita njiani na fimbo yake, akikohoa, akatusalimu. Alikuwa amekwisha kabisa mwili. Leokadia aliitika, akamsindikiza kwa macho.

"Huyu mzee atakufa kabla hajaniambia ukweli," alisema. "Angesema tu 'niliogopa', dada Konso. Ningemsamehe palepale. Mimi mwenyewe niliuogopa ugonjwa ule, na yule alikuwa mume wangu."

Mikono yangu iliendelea kuchambua. Nilitupa maharage mazuri, nikabakiza mabovu, hadi Leokadia akaniuliza kama naumwa.

Ningemwambia palepale. Sikumwambia. Niliogopa, na ndipo nilipomwelewa Mzee Stanislasi nyuma ya mlango wake.

Miezi miwili baadaye kanisa liliona halihitaji tena mkalimani. Watoto wetu wamesoma hapa, mabenchi yamechanganyika, na mchungaji wetu wa sasa, kijana wa Gitega mjini, hurukia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja. Wakapanga Jumapili ya kuniaga. Walininunulia kiti cha mikono na kitenge. Ibada ilipofikia zamu yangu Mchungaji aliniita mbele, na miguu yangu, kwa mazoea, ikaenda moja kwa moja nyuma ya bega lake. Watu wakacheka.

"Ah non, Mama Konso," akasema, akinivuta. "Leo we iko mbele. Sema neno yako."

Nikasema, "Mimi..."

Nikaona kitu ambacho sijakisahau. Macho yote yalimwendea Mchungaji. Kwa miaka yote hiyo, nilipotamka "mimi", watu walimtafuta mwenyewe.

"Mimi Konsolata," nikasema. "Nilidanganya."

Nilieleza kwa Kiswahili, polepole, yale maneno mawili ya Mzee Stanislasi, na nilichokiweka mahali pake, pamoja na msamaha ambao Leokadia hakuutoa. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye mabenchi ya mbele kulikuwa na wazee wasiosikia Kiswahili, na kwamba mkalimani wao alikuwa mimi. Ikabidi nijitafsiri. "Narabeshe," nikasema, yaani nilidanganya, na neno hilo ni kali zaidi kwa Kirundi. Sikulipunguza chumvi. Nilishika kile kiti kipya. Nje kuku walikuwa wakiparua majani.

Mzee Stanislasi aliinuka. Alivuka katikati ya mabenchi kwa fimbo yake, kidogo kidogo, hadi alipokaa Leokadia na kwaya. Kiswahili chake, cha kuokota miaka ya karibuni, ni cha kuuzia maharage mpakani, lakini alikitumia.

"Mama Leoka, siku ile mi nilisikia. Nikaogopa. Pardon."

Leokadia alimtazama. Nilijikuta nimefungua mdomo ili nitafsiri, nikaufunga. Naye akamjibu kwa Kirundi, neno moja, ambalo kwetu hutumika kwa aliyesikia na kwa aliyeelewa pia.

"Narumvise."

Meza ya Bwana iliyofuata, sinia lilipomfikia, alichukua kikombe. Vikombe viligongana mikononi mwa Mzee. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya mwisho kulibeba. Tulimzika kabla ya mavuno, na kwaya iliongozwa na Leokadia.

Sasa nakaa kwenye kiti changu cha mikono, natazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Vijana huja kuniuliza siri ya ukalimani. Nawafundisha nusu hatua, kumeza na mkia. Wanaandika. Kuhusu asali nawasimulia haya mliyoyasoma, na wengine huona nazeeka.

Lakini nisiwaache na mwisho mtamu kuliko ulivyokuwa. Leokadia hakunisalimu kwa wiki nyingi. Alipita njia ya chini ili asipite kwangu, na iliniuma, kwa kuwa simpendi mtu kilimani hapa kama ninavyompenda yeye. Kisha asubuhi moja alikuja, akakataa kuketi.

"Dada Konso," alisema, "ulininyang'anya miaka saba. Nina hasira nawe, na bado haijaisha. Ikiisha nitakuja kukwambia."

Nilitaka kumjibu maneno mengi mazuri, na yote nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Narumvise," nikasema.