Seva Ndogo ya Kwaya ya Ipogolo

Nakumbuka siku moja, intaneti ikiwa bado ngeni Iringa, sisi vijana wa kwaya ya Ipogolo tulitengeneza tovuti yetu kwa Mzee Karim, muuza vitambaa aliyekuwa na kompyuta chache nyuma ya duka lake. Tulipakia nyimbo, tukajiona tumefika. Kwaya moja ya Mbeya ikatuomba tuweke kiungo cha tovuti yao kwenye yetu. Tukakataa. Tuwape wasikilizaji wetu kwa lipi?

Mzee Karim akaacha kukata kitambaa. “Nyie wajukuu, mteja akitaka vifungo na mimi sina, namwonyesha duka la mwenzangu. Kesho anarudi kwangu, maana ameniamini. Na mkienda Mbeya kuimba, si mnalala majumbani kwa hao hao?”

Alisema kweli. Kwaya ikisafiri, wenyeji wanagawana wageni, huyu wawili, yule watatu. Kesho yake mnaimba pamoja, kila kwaya na sare yake na mwalimu wake. Tukaweka kiungo. Intaneti ya siku zile ndivyo ilivyokuwa, mwanangu: kila mtu na kibanda chake, na njia ya kwa jirani iko wazi.

Ikaja mitandao mikubwa, tukahamia wote na nyimbo zetu, tovuti ikafa. Sikatai, kule watu walikuwa wengi na raha ilikuwepo. Ila nyimbo zikawa haziwafikii watu mpaka tulipie, na asubuhi moja tukakuta ukurasa wetu umefungwa. Wa kumuuliza hayupo. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yako, akiongoza wimbo wa mavuno. Nililia, Neema, mimi baba yako, wala sioni haya kusema.

Ndiyo maana ulipofungua hii seva ya kwaya, mtandao wetu mdogo wenyewe, nilifurahi kuliko ulivyodhani. Ninyi mna seva yenu na sheria zenu, kwaya ya Chimala wana yao, Mbeya wana yao, na bado zinasemezana. Mtu anamfuata mwenzake bila kuhama kwao. Mbeya walipochoshwa na msimamizi wao, walihamia seva nyingine na wafuasi wao wakaenda nao. Kwenye ile mitandao mikubwa huwezi kufanya hivyo.

Sasa nasikia kesho kwenye kikao cha kwaya unataka kuizima, eti kwa sababu watu wenyewe hawajazi hata basi dogo la Coaster. Haya. Na ule wimbo wa mavuno uliotumiwa mwezi uliopita ulitoka wapi? Mchimba dhahabu wa Makongolosi aliuchukua kwenye tovuti yetu ya kwanza alipokuwa kijana Mbeya, akautunza miaka yote. Aliona jina la kwaya yetu kwenye seva ya wachimbaji wenzake, akakutumia. Ukamsikia mama yako, aliyekuacha hujajua kutembea.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kesho waambie seva inabaki. Wafundishe wawili watatu namna ya kuitunza, maana kazi ya peke yako ndiyo inayokuchosha, siyo uchache wa watu. Nyimbo ziwekeeni nakala. Mgomvi aonywe mapema, mgeni apokelewe, na kwaya ya jirani ikiimba vizuri kuliko sisi, waelekezeni watu huko bila kinyongo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye hicho kikao, akulindie sauti yako, na watoto wako wasije wakamwomba mtu ruhusa ya kumsikia mama yao.